Kuku Wako Wamenipatia Kazi Norwe

Mpendwa mwanangu Mwajuma,

Soma barua hii polepole, na Bibi akiuliza unacheka nini, msomee na yeye.

Mimi ni mzima hapa Dubai. Bado nahudumia kifungua kinywa kwenye hoteli kule Al Garhoud, bado nalala Al Nahda kitanda cha juu, na Nakato wa kitanda cha chini, yule dada Mganda, askari wa ulinzi, uliyemsalimia kwenye simu, bado anakoroma. Anakusalimu sana.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho? Nilipoingia kwa Bibi ulinipa shikamoo, ukaenda kujibanza nyuma ya mlango kama umemwona daktari wa sindano. Nilicheka mbele ya watu, lakini moyo uliniuma. Kesho yake nikakukuta uani unafumua nywele ambazo Bibi alikuwa amezisuka vizuri tu. Ukaniletea chanuo. "Nisuke wewe," ukasema. Nilikusuka mpaka jua likazama, nikawa nakosea makusudi ili nipate kurudia.

Niliporudi huku tukaanza masomo ya Kiingereza kwa simu. Unajua mama yako amesomea ualimu, hata kama siku hizi anachopanga ni vikombe tu. Nami sikujua kwamba kila ninachokufundisha unakipeleka uani kwa kuku, hadi Bibi aliponipigia akiwa amefura. "Mwanao anawaamuru kuku wangu wakae chini kwa Kizungu! Sasa watataga saa ngapi?" Jogoo ulikuwa umemfanya kiranja, na yule mtetea mweupe umempa adhabu kwa kupiga kelele darasani. Nilicheka hadi msimamizi wangu akanifukuza jikoni.

Sasa sikiliza kituko. Nakato ndiye aliyeniambia kuwa huko Norwe kuna shule za visiwani, mbali kabisa, ambako walimu wao wenyewe hawakai. Ni kama kwetu mwalimu akipangiwa wilaya ya pembezoni: anaripoti, anaugua ghafla, harudi tena. Norwe itafute kwenye ramani yako ya ukutani, juu kabisa, karibu na pale karatasi inapoishia. Nikaomba shule moja baada ya nyingine. Nyingi hazikujibu. Moja, iliyotaka mwalimu wa Kiingereza, ikasema tuzungumze kwa video.

Siku ya usaili Nakato alivaa sare yake kamili, akasimama mlangoni kwetu asiingie mtu, utadhani analinda benki. Kwenye simu akatokea mwalimu mkuu, baba mwenye ndevu na sweta nene, na dirishani nyuma yake kondoo wanakula majani. Akaniuliza kama nina watoto. Hapa Ghuba wakala aliyetuleta kazini alitufundisha tangu mwanzo: "Wakiuliza watoto, sema huna. Khalas, yameisha." Basi mdomo ukajibu wenyewe: sina. Yule baba akanyong'onyea. Akasema sawa, akaendelea na maswali.

Akanieleza kuwa ana binti mmoja wa umri kama wako, na kisiwa kizima hakina mtoto mwingine wa rika lake. Mtoto aliye peke yake darasani ningemfundishaje? Mwanangu, yote niliyokariri yakayeyuka. Nikajikuta namsimulia habari za msichana mmoja wa Korogwe asiye na wanafunzi wenzake, aliyejitengenezea darasa la kuku. Nikamweleza kiranja, nikamweleza na yule mtukutu mweupe. Baba wa watu alicheka hadi akavua miwani na kufuta machozi.

Kisha akauliza, "Huyo msichana ni mtoto wa nani?"

Nikajifanya narekebisha simu. Mlangoni Nakato uzalendo ukamshinda. "Banange! Si useme ni wako, wewe mama!"

"Ni wangu," nikasema. "Nisamehe, nilikudanganya. Anaitwa Mwajuma, na ni wangu."

Nilijua kazi imeota mbawa. Lakini nilifurahi, mwanangu, nilifurahi kweli kutamka jina lako mbele ya mtu wa kazi.

Kumbe mwalimu mwenye mtoto ndiye aliyekuwa akimtafuta! Shule yake ina watoto wachache mno, na wakipungua kidogo itafungwa. Nyumba ya mwalimu ina vyumba vya familia, na sheria yao inamruhusu mwalimu kuja na mwanawe. Akaita, na yule binti akachomoza uso kwenye simu, mashavu mekundu. Swali lake lilikuwa moja tu: unajua kuruka kamba? Nikamwambia mtaani kwetu hakuna anayekuweza.

Basi kazi nimepewa. Makaratasi yatachukua muda, inshallah yatakamilika. Bibi amekubali, ila anataka kukuona kila likizo ndefu akukague kama unakula. Nilipompa mwalimu mkuu habari hizo akaniuliza, "Na Mwajuma mwenyewe anasemaje?" Nilikuwa nimemuuliza Bibi, nimemuuliza mjomba wako, nimemuuliza hata Nakato. Kwetu mtoto haulizwi, anaambiwa afungashe.

Kwa hiyo nakuuliza. Sitakuficha: huko kuna baridi ya kuuma masikio, na katikati ya msimu wa baridi jua halichomozi kabisa. Utawakosa rafiki zako, na Bibi utamlilia. Mimi pia nitamlilia. Ukitaka twende, tutakwenda. Ukisema hapana, nafunga mabegi yangu narudi Korogwe, nitatafuta kazi hapo hapo, na wala sitakununia.

Nimechoka kukulea kwa simu, mwanangu. Kuishi na wewe nimeshaamua. Wewe niambie wapi.

Nangoja jibu lako, hata likiwa neno moja.

Akupendaye kuliko wote,
Mama yako