Kipande cha Mfereji Kilichopita kwa Jirani

Mjukuu wangu Neema,

Huku kijijini Mamba hatujambo, tangawizi imechipua, mama yako anakusalimu. Wewe unakula lakini?

Unauliza kama uache kuongoza tamthilia za runinga, maana umeongoza vipindi vingi vya watu na hakuna tamthilia inayoitwa yako.

Nikiwa msichana tulikwenda msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, kuzibua mfereji. Mzee msimamizi akanipa kipande kinachopita shamba la jirani.

"Babu, kwetu ni kule chini," nikamwambia.

Akacheka. "Sasa maji yataruka hapa ili yafike kwenu?"

Nikachimba nimenuna. Jioni maji yakaja, yakapita kipande changu bila kusimama. Watu wakashangilia, nami nikajikuta nashangilia.

Juzi majirani walijaa sebuleni kutazama kipindi chako. Walilia, nikalia nao. Hakuna aliyeuliza nani kaongoza. Mimi nikamshukuru Mungu.

Unasema hujamjibu yule mwenye tamthilia mpya anayetaka umwongozee kipindi. Mjibu leo, mwanangu, asije akampa mwingine kazi hiyo.

Bibi yako anayekuombea