Foleni Isiyokuwa na Mkubwa

Kwako Otieno, mjukuu wangu,

Habari ya huko chuoni? Huku Kisumu Ndogo tuko, Mungu ametushika. Dagaa zangu za omena zinatoka vizuri sokoni, na goti langu limepunguza kelele. Baba yako tu ndiye amenuna. Anasema umekuwa mtu wa anakia, unataka fujo. Wewe unasema sivyo, ni watu kujipanga wenyewe bila mkubwa wa kuwaamrisha. Sasa unaniuliza kama mimi pia nakuogopa.

Sikuogopi. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, mtaa mzima tulichota maji kwa bomba moja. Tulipanga mitungi asubuhi, kila mtu akaenda shughuli zake, mtungi ukabaki kumshikia nafasi. Hapakuwa na chifu wala askari. Lakini sheria ilikuwepo, wacha nikwambie! Ukiruka mtungi wa mwenzako, wamama walikurudisha nyuma kabisa, hata uwe mke wa pasta. Fujo niliiona mara moja tu, siku jamaa mmoja alipojileta na filimbi kutusimamia.

Kisha siku moja uchungu ulinishika, nikakimbilia nyumbani na kuuacha mtungi wangu kwa foleni. Niliusahau kabisa. Jioni, mtoto akiwa kifuani, niliambiwa uko mlangoni, umejaa. Wenzangu waliusogeza, wakausogeza, wakaujaza, wakaubeba.

Vitabu vyako sivijui, na ukichoma duka la mtu tutakosana. Lakini mpigie baba yako. Mwambie maji aliyoogeshwa nayo mara ya kwanza alipokuja duniani yaliletwa na watu ambao hakuna aliyewaamuru.

Dani, nyanya yako anayekungoja Krismasi.