Kulabu za Mwanyumba

Jumamosi, 29 Novemba

Nimemaliza nyumba ya mwanyumba. Siku sita! Lipu nimeipiga msasa mpaka ukigusa ukuta unadhani umegusa shavu la mtoto mchanga. Praima koti moja, rangi koti mbili. Mchanganyiko wangu mwenyewe: nyeupe ndoo mbili, hudhurungi vikombe vitatu, nyeusi kijiko kimoja. Kipimo nimekiandika mbele ya daftari hili pamoja na vingine. Huku nyuma ni kwangu. Hakuna anayefika.

Mwanyumba kachukua dada mtu, mimi nikachukua mdogo mtu. Nyumba zetu zinatazamana, njia imepita katikati. Kwa hiyo kuanzia kesho nikifungua dirisha naiona kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya — iko kwa mwenzangu. Kwangu rangi inabanduka. Mganga hajigangi, ndiyo hivyo. Mabaki ya ndoo nimepaka ukuta wa nyuma wa jiko letu, nisije nikasemwa.

Nimemwonya kabla ya kuondoka: msumari nisiuone. Hata mmoja. Ukitoboa lipu maji yataingia, mwakani utaniita fundi feki. Akacheka, akasema mwanyumba, neno lako sheria.

Alhamisi, 4 Desemba

Mama mkwe anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mke wangu anafagia hadi dari. Kwa lipi? Mama atalala kwa mwanyumba, kama kawaida. Mwaka wa tisa huu, hajawahi kulaza ubavu wake kwangu.

Siku ya harusi nilimsikia kwa masikio yangu haya. Anamwambia shoga yake: mkubwa kapata mume, mdogo kaolewa na ndoo ya rangi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma yao na soda mkononi, nampelekea yeye.

Soda nilimpa. Nikarudi kukaa.

Jumamosi, 6 Desemba

Mwanyumba ana duka la vifaa vya umeme, basi sikukuu hii katuonyesha. Taa! Kazungusha madirisha yote matatu, mlango, nguzo za kibaraza. Kaniita nikiwa bado na mswaki mdomoni. Mwanyumba, njoo uone, nimekusikia!

Nikavuka. Meno yote nje kama kashinda bahati nasibu. Hakuna msumari. Kweli hakuna. Waya umeshikwa na vikulabu vya plastiki, kila kimoja kina gundi mgongoni. Unabandua karatasi, unabandika, umemaliza. Arobaini nzima! Anasema kahangaika wiki nzima kuvitafuta, kisa heshima ya ukuta wangu.

Nikahesabu kwa vidole. Leo siku ya saba tangu koti la mwisho.

Rangi imekauka. Haijakomaa. Haya ni mambo mawili, na watu hawajui. Inakauka kwa siku moja, inakomaa kwa mwezi. Kabla ya mwezi, gundi ikipigwa jua inashikana na rangi, zinakuwa kitu kimoja. Ukija kuvuta unachuna ngozi mpaka lipu. Niliwahi kuona ofisi moja, walibandika kalenda wiki mbili baada yangu. Ilitoka na ukuta.

Nilikuwa na mdomo wazi niseme. Mara shemeji yangu, mke wa mwanyumba, akatoka, na mke wangu naye kavuka njia nyuma yangu. Mke wangu akasema: shemeji jamani, wewe una akili! Kisha akanigeukia. Unaona mwenzio?

Nikajitia hamnazo. Nikasema taa nzuri.

Mwanyumba kanipa vikulabu vinne vilivyobaki. Na wewe weka kwako, kasema.

Jumapili, 7 Desemba

Shemeji hivi, shemeji vile. Kuanzia chai. Shemeji hakusubiri kuambiwa. Shemeji ana jicho. Khaa! Ana jicho la nini? Ukuta ule jicho langu!

Nina wivu. Haya, nimeandika. Roho inaniuma kama jino, siwezi hata kumeza mkate.

Mchana nikapanda ngazi nikafunga taa zetu. Kitaalamu. Waya wa bati nimeukunja vikulabu kama herufi S, nimening'iniza kwenye mdomo wa gata la maji ya mvua, ukuta haujaguswa hata na kidole. Hakuna gundi wala tundu. Upepo ukija, waya unacheza na hakuna kinachoumia. Hivi ndivyo inavyotakiwa! Nikawasha. Nusu ya taa zimekufa. Mke wangu kaangalia, kauliza hiyo ni sikukuu au ni matanga.

Jumanne, 9 Desemba

Nimebandika vikulabu viwili kwenye ukuta wa nyuma wa jiko. Rangi ya ndoo ile ile, siku ile ile. Nataka kujua tu.

Labda nimekosea. Gundi za siku hizi labda nyepesi.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukosea.

Nimekivuta cha kwanza. Kimetoka na kipande cha ukubwa wa kiganja, rangi na praima, lipu imebaki inanikodolea macho. Nimesimama pale na kile kingozi mkononi, jasho linanitoka.

Kwa sababu — hapa ndipo mjinga nilipoamka — watu watasemaje? Watasema gundi mbaya? Thubutu! Watasema fundi mbovu. Mashimo arobaini, kila moja na jina langu. Wiki nzima nimekuwa namngoja mwanyumba aumbuke, kumbe nimekaa foleni ya kuumbuka mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa. Huyu kasikia! Guu litakalovunjika ni langu.

Cha pili sikukivuta. Nilichukua draya ya nywele ya mke wangu, nikakipasha joto taratibu, gundi ikalegea, nikapitisha uzi wa mshipi kwa nyuma kama mtu anayekata sabuni. Kikatoka. Ukuta mzima. Alama kidogo tu, ya kufuta kwa kitambaa.

Kwa hiyo dawa ipo. Kusema ndiyo kazi. Nikisema leo ataniuliza kwa nini hukusema Jumamosi, ulikuwa umesimama hapa hapa.

Mke wangu kanikuta na draya. Unakausha nini, na kichwa chako kipara? Nikasema brashi. Kisha akaona ukuta. Nini hiki? Nikasema kuku.

Kakiangalia kile kidonda. Kiko usawa wa bega langu. Kasema kuku huyo mrefu, akaondoka.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika haraka, wako sebuleni.

Mama mkwe kafika saa nane. Taa hata hakuzitazama! Kashuka, kaweka begi chini, kaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mwanyumba. Kapitisha kiganja, polepole, kati ya kulabu na kulabu. Kauliza: nani kapaka hapa?

Nikasema moyoni, haya, mwanyumba, jitwalie na hili.

Mwanyumba kanivuta mkono mbele ya watu wote. Huyu hapa, mama. Kapaka peke yake siku sita. Mkono wake hauna mfano mji huu. Na kanikataza msumari, mimi nikatii, kazi kama hii haitobolewi.

Mama mkwe kaushika mkono wangu. Huu huu, wenye rangi kwenye kucha. Kasema mkwe wangu, mkono huu ndio utakaopaka nyumba yangu. Na leo nalala kwa fundi.

Kwangu! Miaka tisa! Mke wangu kajifuta macho na ncha ya kanga, kaninong'oneza asante, kana kwamba nimefanya kitu. Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi namwonea mtu kijicho wiki nzima na yeye ananitangaza.

Halafu mama akasema, sikukuu mwaka huu tunaila kwangu. Hizi taa zihamie kule. Kesho asubuhi mzitoe, na mimi nataka niuone ukuta huu mtupu, bila mapambo. Nakaa pale ng'ambo nautazama.

Mwanyumba kanikonyeza. Utanishikia ngazi?

Nikasema nitashika.

Nilikuwa na mwanyumba peke yetu pale getini dakika tano nzima. Nilisema nini? Nilisema jua limekuwa kali mwaka huu.

Jumapili, 14 Desemba

Mama mkwe kaamka kabla ya wote. Kaketi kwenye kibaraza changu na kikombe chake, kaelekeza kiti ng'ambo. Mke wangu kamletea kistuli cha miguu. Yuko kama mtu anayesubiri harusi ianze.

Mwanyumba kashaegemeza ngazi. Ananiita.

Nimeingia chumbani kuvaa ovaroli. Ovaroli lenyewe limefuliwa, kumbe lilifuliwa jana. Na daftari hili, ambalo huwa liko chini ya ndoo ya brashi stoo, liko juu ya kitanda. Juu ya daftari kuna kulabu. Ile yenye ngozi ya rangi. Niliisahau mfukoni mwa ovaroli.

Pembeni kuna draya, waya umeviringwa vizuri. Na kibonge cha uzi wa mshipi.

Mke wangu kasoma. Kasoma yote, na soda, na shemeji ana jicho, yote. Asubuhi kanimiminia chai, kaniuliza sukari inatosha, hakunitazama.

Sasa namsikia nje anamwambia mama yake, subiri kidogo mama, mume wangu anachukua vifaa.

Vifaa! Nikitoka na draya, mwanyumba ataniuliza, hiyo ya nini? Tena mbele ya mama mkwe. Ataniuliza, ulijua lini? Nikitoka mikono mitupu, mke wangu atakuwa amesimama pale pale, ananiangalia nikishika ngazi.

Draya naishika. Naiweka chini. Nzito, kidude kidogo hivi.

Mwanyumba ananiita tena. Anacheka. Anasema kama fundi bado ana usingizi asijisumbue, yeye ataanza na lile dirisha la chini, halihitaji ngazi. Kazi yenyewe ni ya kuvuta tu —