Tata, Darasa Wamechukua, Hadithi Ninazo

Mpendwa tata, baba mkwe wangu,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuambia neno uso kwa uso. Huku kwetu Lufingo mkamwana hamtazami baba mkwe, nami nililishika hilo tangu nilipoolewa. Ulikuwa unakohoa ukikaribia kona ya nyumba ili nipate kujificha migombani. Leo nakuandikia moja kwa moja. Ukiona nimekosa adabu, vumilia. Nina hasira, na wewe ndiye utakayenielewa.

Unakumbuka jioni zile nilipokuwa naandaa masomo jikoni? Nilimsomea mama, mkeo, hadithi fupi za zamani za Kiingereza, nikimgeuzia kwa Kiswahili huku tunamenya ndizi. Wewe ulikuwa barazani, ukuta katikati, ukijifanya unasikiliza redio. Mara unamwita mama: "Ee, muulize mwalimu, huyo mzee mashamba amemwachia nani?" Mama ananiuliza, namjibu mama, nawe unaguna. Tulisoma hadithi nyingi namna hiyo. Nilifurahi mno, na sikuweza kukuambia.

Basi mwezi uliopita niliwasomea kidato cha pili ile ya mjane anayeishi na baba wa marehemu mumewe kwenye nchi ya theluji. Ndiyo ile uliyosema mwandishi wake hakulelewa. Nilipofika pale wanapokula meza moja, darasa lililipuka. Atupele, binti ambaye hafungui mdomo kipindi cha Kiingereza, alisimama akasema, kwa Kiingereza, kwamba huyo mama hana heshima. Mwenzake akaruka: mzee amebaki peke yake, ale na nani? Walibishana mpaka kengele, kwa Kiingereza kibovu na kitamu ajabu. Tangu nianze kufundisha nilikuwa naitafuta siku hiyo.

Mkuu wa shule yeye alisikia kelele tu. "Madam, hadithi hazifaulishi mtu. Wape mitihani iliyopita, wakariri majibu." Nikakataa. Nikamwambia mtoto aliyekariri hawezi kumbishia mtu. Akaninyang'anya darasa, akanipeleka stoo ya vitabu, kwenye harufu ya ukungu. Walimu wenzangu wananinong'oneza niombe radhi, eti mkono usioweza kuukata, ubusu. Siubusu.

Nikatangaza kwamba anayetaka hadithi aje nyumbani Jumamosi. Nilidhani watakuja wachache, na mvua ya huku unaijua. Wakaja na majani ya migomba kichwani, wengine wametembea kutoka Mpuguso, mpaka sebule ikajaa.

"Waingie bwana, wasilowe," mama akasema, akavuta kigoda akakaa nao.

Tuliimaliza ile ya mjane. Atupele bado anamlaumu, na simlazimishi kumpenda. Nilitamani uwepo, tata, uikosoe hiyo hadithi kwa mdomo wako mwenyewe, nikubishie mbele ya watoto wote.

Sasa mkuu amepata habari. Ameniita ofisini Jumatatu, na wanasema barua ya uhamisho iko mezani. Nitakwenda, tena nimevaa gauni langu zuri. Anihamishe akitaka. Hadithi ya pili nimeshawapa watoto, wameondoka nayo, na wamekubaliana wataanza kubishana hata kama mimi sipo.

Ulale vyema, tata. Huku tunasoma.

Mkamwana wako,
mwalimu