Shangazi Haalikwi kwa Wasapu

Jumanne, 1 Julai 2025
Frednand ana wazimu! Mdogo wangu wa tumbo moja, amenitia kwenye kundi la wasapu: "Send-off ya Keza". Watu themanini na sita, mimi nimebanwa katikati ya wapambaji na mafundi muziki. Mwanawe anaagwa tarehe 12, na shangazi yake ni mimi peke yangu. Kwetu Kanazi shangazi haalikwi – anafuatwa nyumbani kwake, na kibuyu cha pombe ya ndizi. Nisipomshika mkono, Keza hatoki kwa baba yake. Nimejitoa.

Jumatano, 2 Julai
Amenirudisha. Nimejitoa. Amenirudisha. Mshenzi.

Ijumaa, 4 Julai
Leo katuma picha ya kibuyu. Picha! Na kidole gumba juu. Ninywe kioo? Agness jirani kacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kisha Frednand akatuma sauti: eti Biharamulo si mbali, dada, panda gari tu, nauli natuma. Nimemjibu neno moja – Njoo. Nikazima simu. Asipokuja, Keza atolewe na hao themanini na sita!

Jumapili, 6 Julai
Kaja. Saa nne asubuhi, kwa bodaboda. Kibuyu mkononi, simu sikioni. Shikamoo yenyewe kaitoa huku anagombana na mpiga picha. Nikaitika marahaba, sijui kwa nani. Akaketi. Ujumbe ukaingia, akajibu. Mwingine, akacheka peke yake. Basi! Nikamnyang'anya simu, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maharage, nikafunga mfuniko, nikaukalia.

Akafoka – wakwe wanapiga! Wapige.

Hapo akakosa pa kutazama, akanitazama mimi. Akaona mkongojo ukutani. Akaona mguu wangu ulivyopinda.

"Dada, umefanya nini?"

Nilivunjika Februari, migombani. Miezi mitano! Na kila asubuhi ananitumia maua ya kunitakia siku njema. Anasema ningemwambia. Nikamuuliza, ningekutumia picha?

Akainuka, akatoka. Yuko uani sasa, anafuta macho kwa kofia. Kibuyu kiko mlangoni, hakijafunguliwa, nami sijasema nitakwenda wala sitakwenda. Bado nina hasira naye, tena nyingi! Simu inalia chini yangu, ni mara ya nne. Hata hageuki –