Msaili Alikuja Mazikoni

Mama yangu,

Neno msaili nililisikia kwanza kinywani mwako, nyumbani kwetu mtaa wa Kikuyu, baba alipoingia uani akifungua mkanda. "Msaili amefika," ulininong'oneza, ukanisukuma nyuma ya kabati. Baadaye, ulipokuwa ukijikanda shavu kwa maji ya chumvi, nilikuuliza maana yake. Ukasema, "Kanisani mwalimu hutusaili kabla ya kipaimara ili ajue tunachokijua. Huyu anasaili ili apate pa kupigia."

Swali lake lilikuwa moja: nani? Nani kakubebea gunia la karanga pale sokoni Majengo, nani kakuchekea. Mchana wa gunia hilo ulimjibu kweli, "Ni mchukuzi, baba Neema, hata jina simjui." Akakupiga ngumi ya mdomo, jino likaanguka sakafuni. Nikapiga ukunga, naye akanigeukia, akaudaka mkono wangu. "Sema wewe! Ulimwona nani?" Akaupinda hadi mfupa ukalia.

Hapo wewe, ambaye hukuwahi hata kumfokea, uliinua sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yakitokota, ukammwagia miguuni. Alianguka akilia kama ng'ombe anayechinjwa. Tukatoka bila viatu, tukapanda lori la nafaka hadi Kibakwe kwa bibi. Wazee wa upande wake walipokuja kukuuliza kwa nini umemuunguza mume, uliwafunulia pengo, kisha mkono wangu uliofungwa vijiti. Hawakurudi.

Nilipokua, neno lile liliendelea kunitisha. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi hapa mjini, karani alisema, "Wasaili wanakusubiri," nikauficha mkono wangu nyuma ya mgongo. Ndani, kati yao, nikamkuta mama mmoja wa makamo. "Vuta pumzi kwanza, binti yangu," akasema, "halafu utujibu." Nilikupigia simu nikilia, ukadhani nimekosa kazi.

Juzi tumekuzika. Baba alikuja, anachechemea. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. "Miaka yote hii," akauliza, "alikuwa anaishi na nani?"

Mjomba akamkunja shati, ngumi juu. Mama, nilitaka ishuke. Nilitaka nione meno yake mchangani. Lakini nilimshika mjomba mkono, nikajibu mwenyewe:

"Na mimi, baba. Aliishi na mimi, na hakuna aliyempiga."

Akageuka, akashika njia ya stendi peke yake.

Lala, Mama. Niliyebaki nitawajibu wasaili wote.

Binti yako.