Wimbo wa Ndani Uliotoka Redioni

Alhamisi, mchana. Mvua imekatika, lakini ngazi za jengo bado zinachuruzika maji.

Nisameheni. Wiki tatu sijaandika hapa, na wengine mmeniuliza kama mtoto anaumwa au nimeacha chuo. Mtoto mzima. Chuo naenda. Nimekaa kimya kwa sababu naogopa. Kila nikifungua ukurasa huu, naufunga.

Leo naandika kwa sababu Jumamosi ni keshokutwa.

Kwa ambao ni wageni hapa: mimi ni mama Rehema. Rehema ana miezi minane. Nasoma cheti cha utangazaji kwenye chuo kidogo, ghorofa ya tatu, upande wa Mchafukoge. Chuo kina redio. Ukifika Msimbazi inaanza kukwaruza, lakini ni yetu. Chini yetu kuna duka la vitambaa la mzee wa Kihindu, na saa ya muziki wa moja kwa moja ikifika huwaambia wapagazi wake wasibwage majora, wayashushe polepole. Hajawahi kupanda ngazi kuja kutuona. Anafanya tu.

Saa hiyo ya muziki ndiyo yangu, kila Jumatatu. Redio kubwa zinataka wimbo uliokwisha kupikwa studio. Kwetu unakuja na chombo chako, unakaa, unapiga. Kipindi kikiisha tunakiweka mtandaoni kama podikasti, ili na aliye mbali asikie. Wamekuja wapiga zeze, wamekuja vijana na gitaa lenye nyuzi nne. Niliwahi kujisifu hapa hapa kwamba hii ni nyumba ya muziki usio na pa kwenda.

Ndiyo maana nilimleta Bibi Somoe.

Bibi Somoe ni mtu wa Lindi, anauza viungo sokoni Kariakoo, na ni kungwi. Yeye ndiye aliyenicheza mimi unyago. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda maji ya moto siku arobaini, huku akinisema kwa kulia kama mtoto. Kikundi chake kiliwahi kwenda redio moja kuomba nafasi, wakaambiwa walete CD. Bibi akauliza huyo CD ndiye nani.

Sasa, unyago una nyimbo za uwanjani, ambazo hata mwanamume akipita anasikia na kutikisa kichwa. Na una nyimbo za ndani. Za ndani ni za wanawake waliochezwa, basi. Bibi alikubali kuja kwa sharti moja: za uwanjani tu. Nikamwapia.

Walipiga nusu saa, na studio nzima ikawa na harufu ya mafuta ya nazi na jasho. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu Rehema azaliwe. Halafu ngoma zikalegea. Ngozi haipendi baridi ya kiyoyozi, inataka joto, na studio huwezi kuwasha moto. Bibi akamtazama Fredi, fundi mitambo wetu, aliyekaa nyuma ya kioo.

"Wewe baba wa kwenye kabati! Toka ukatuanikie ngoma juani."

Fredi akabeba ngoma mbili akapanda nazo juu ya paa. Mimi nikaweka matangazo na nyimbo za kurekodi. Taa nyekundu ikazimika.

"Imezima?" Bibi akauliza.

"Imezima, Bibi."

Kuhusu hewani nilisema kweli. Lakini pembeni kuna mashine nyingine, ile inayorekodi kwa ajili ya podikasti, na ile haijui matangazo wala mapumziko. Siku zote Fredi ndiye anayeisimamisha. Siku ile Fredi alikuwa juani anageuza ngoma kama anaanika dagaa.

Kikundi kilikuwa kinajiandaa kumtoa mwali, na mmoja wao alikuwa anakosea wimbo. Bibi akatazama huku na huku. Wanawake watupu, mlango umefungwa, mwanamume yuko paani. Akasema turekebishe hapa hapa. Wakauimba wimbo wa ndani mwanzo hadi mwisho. Na mimi nikaitikia. Sauti yangu imo.

Kesho yake Rehema alikuwa na homa ya meno. Nikakipakia kipindi kwa mkono mmoja, wa pili umemshika yeye.

Sikukisikiliza.

Watu nimewaambia Fredi alisahau kukata. Si kweli. Fredi aliniambia mapema kwamba pale katikati hakuwepo, nipasikilize mwenyewe. Nikamwambia sawa. Nilikuwa na usingizi kiasi kwamba nilisema sawa kwa kila kitu wiki ile.

Siku ya tano dada mmoja wa Masasi akaniandikia: "Dada, sikiliza dakika ya arobaini. Mbona mmeutoa nje?" Nilisikiliza nimesimama. Nikakiondoa kipindi palepale, simjibu yule dada, simwambii Fredi, simwambii Bibi. Nikajidanganya yamekwisha.

Hilo la pili ndilo baya zaidi. La kwanza lilikuwa uchovu.

Juzi Jumanne nilikwenda Kariakoo kununua mafuta ya mtoto. Mnapajua pale wanapowaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, kila kibanda na spika yake, huku singeli, huku kaswida, huku injili. Kati ya makelele yale nikamsikia Bibi Somoe. Nilisimama katikati ya njia hadi mwenye mkokoteni akanitukana.

Mwenye kibanda alikuwa mtu mzima, kofia ya kufuma kichwani, anatikisa mguu.

"Karibu dada. Hii kitu ya kusini hii, inatoka kama maandazi ya asubuhi."

"Umeitoa wapi, kaka?"

"Redio ya chuo hapo juu. Kwani vipi, na wewe nikuingizie?"

"Mama yako mtu wa wapi?"

"Newala. Mama yangu anahusikaje tena?"

"Mpigie, msikilizishe hii."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akauzima mwenyewe, akatazama nyuma kama mama yake amesimama pale. "Dada, usinifanyie hivyo. Mimi nilijua ni ngoma tu ya kuchezea. Mama akijua hataniambia tena neno jema." Nikamwuliza amewapa wangapi. Hakujua. Akaufuta mbele yangu, na kadi moja iliyokuwa nao tayari akanipa.

Sikwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilizunguka soko mara mbili na Rehema mgongoni, nikarudi nyumbani. Jana ndiyo nikaenda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Midomo imekukauka hivyo, mtoto anakumaliza?"

Nikamwambia yote nimesimama. Alikuwa anampimia mteja binzari. Akamaliza kupima, akafunga karatasi, akampa mteja wake na kumwombea safari njema. Ndipo akageuka.

"Wanaume nao wamesikia?"

"Wamesikia, Bibi."

"Uliniambia imezima."

Hakusema kwa ukali. Angenifokea ningelia na ingekwisha. Siku zote nikifika, kabla sijaketi, mikono yake iko juu kumpokea Rehema. Jana Rehema alimnyooshea mikono, akachezesha vidole, akasubiri.

Hakumpokea.

Kinachonitisha ni hiki. Jumamosi mwali anatolewa, na makungwi wa Temeke na Mbagala wanakuja kwa Bibi. Mmoja akiwa ameusikia wimbo kwenye simu ya mwanawe, watasema Somoe ameuza nyimbo redioni. Hawatakaa naye mkeka mmoja tena. Kazi aliyoifanya tangu kabla mimi sijazaliwa itaishia kwenye kibanda cha memori kadi, kwa sababu nilisema imezima. Na binti yangu akikua, nitampeleka kwa nani? Nitabisha mlango gani na sura hii?

Nikamwambia Bibi siendi popote, nitafanya lolote. Akasema atawaambia wenzake yeye mwenyewe kabla hawajaketi, lakini hawezi kusimama na maneno matupu. Anataka kuwapa ushahidi kwamba wimbo umerudishwa. Nikasema nitawaomba watu waniandikie kwamba wameufuta.

"Mimi nasoma?" akasema. "Niletee sauti zao. Mwanamke aliyechezwa, akisema ameufuta, wenzangu watamjua kwa namna anavyosema. Wanaume sitaki kuwasikia. Waambie waje niwafunde, maana wameanza darasa bila mwalimu."

Mama wa meza ya pili alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi hakucheka, na mimi sikuthubutu.

Leo asubuhi nimemwambia Fredi ukweli na nimemwomba radhi. Amefuta nakala ya chuo mbele yangu. Mkuu wa chuo naye nimemwambia. Saa ya muziki imesimama hadi baada ya Jumamosi, halafu ataona. Nimekubali. Nyumba niliyoisifu ilikuwa na mlango ambao mwenye zamu hakuufunga, na mwenye zamu ni mimi.

Kwa hiyo nawaomba, na hapa sibembelezi. Msiniulize wimbo unasema nini. Msinitumie wimbo wenyewe. Kama unao na unafikiri mmoja haudhuru, huo mmoja ndio utakaopigwa Jumamosi.

Kipindi kilipakuliwa mara thelathini na moja kabla sijakiondoa. Nimeshapata wenye nakala tisa. Ninachohitaji mnitumie kabla ya saa sita mchana Jumamosi ni hiki:

Dada wa Masasi, sauti yako, na unisamehe kwa kutokukujibu. Taja jina lako, na jina la aliyekucheza kama yuko hai.

Nasikia umefika hadi kundi moja la familia ya Mtwara: aliyeurusha huko, jina la kundi na namba ya msimamizi wake. Nitampigia mwenyewe, shikamoo nitatoa mimi.

Wenye vibanda vya Kariakoo, kadi zenyewe mziache dukani kwa mzee wa vitambaa, hapa chini. Amekubali kuzipokea na hajauliza ni za nini.

Wanaume, ujumbe wa maandishi wenye neno moja, "nimefuta". Sauti msitume.

Wanawake wengine wote, sauti. Fupi, hata kama mtoto analia nyuma yako, hata kama uko jikoni. Sema umeufuta kwenye simu. Ulio kichwani kwa sababu ulichezwa, huo ni wako, kaa nao.

Zimebaki nakala ishirini na mbili.